EZEKIA, MFALME WA YUDA: maisha yake, kwa kuwasimulia watoto

Ndugu wakatekumeni, katika mafundisho ya Agano la Kale mmekwisha kusikia habari za mfalme Daudi na za mwanawe Solomoni. Baada yao walitawala wafalme wengi, na wengi wao walimwacha Mungu. Wachache tu walishika njia njema, na mmoja wao ni Ezekia. Habari zake zimo katika Kitabu cha pili cha Wafalme, katika Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, na katika Kitabu cha nabii Isaya. Twawaletea maisha yake hapa ili mpate kuyajua ninyi wenyewe, tena mpate kuwasimulia watoto wenu wakati wa jioni. Maana Ezekia alikuwa mtoto mwema wa baba mbaya, kisha akawa baba mwema wa mtoto mbaya. Kila mzazi ana jambo la kujifunza humo.

1. Mtoto wa Ahazi

Ezekia alizaliwa katika karne ya nane kabla ya kuzaliwa Kristu, naye alikuwa wa ukoo wa Daudi. Siku zile taifa la Israeli lilikuwa limekwisha kugawanyika kuwa falme mbili. Upande wa kaskazini ulikuwapo ufalme wa Israeli, na mji wake mkuu Samaria. Upande wa kusini ulikuwapo ufalme wa Yuda, na mji wake mkuu Yeruzalemu. Nchi zote za pande zile zilikuwa zikiwaogopa Waashuri, watu wa vita waliotoka mbali mashariki, wakiteka miji na kuwahamisha wenyeji.

Baba yake Ezekia ni mfalme Ahazi. Adui walipomjia, nabii Isaya alimsihi amtumaini Mungu, akampa na ishara ya Emanueli, mtoto atakayezaliwa. Lakini Ahazi hakutaka kumtumaini Mungu. Alitwaa fedha na dhahabu ya Hekalu, akazipeleka kwa mfalme wa Ashuri ili apate kusaidiwa. Alifukizia ubani miungu ya uwongo juu ya vilima na chini ya miti. Alifika hata kumtoa mwanawe katika moto, kwa desturi ya mataifa yaliyomzunguka. Mwisho wake aliifunga milango ya Hekalu la Mungu, na taa zake zikazimika.

Basi Ezekia alikua katika nyumba ya namna hiyo. Biblia yataja jina la mama yake, Abi, binti Zakaria; na katika mji ule ule sauti ya nabii Isaya ilikuwa ikisikika. Mtoto aliona mabaya ya baba yake, lakini hakuyafuata. Ndugu, wako kati yenu ambao wazee wao hawakumjua Mungu, au hata sasa wanawazuia kusali. Msikate tamaa. Mungu hamhesabii mtoto dhambi ya baba yake, na mtu aliyezaliwa gizani aweza kuiona nuru.

2. Aliifungua milango ya Hekalu

Ezekia alikuwa mtu wa miaka 25 alipopewa ufalme. Hakungoja. Mwaka ule wa kwanza, mwezi wa kwanza, aliifungua milango ya Hekalu na kuitengeneza. Aliwakusanya makuhani na Walawi, akawaambia wajitakase, kisha waitakase nyumba ya Mungu. Wakaingia ndani, wakautoa uchafu wote, wakaupeleka bondeni, kwenye kijito cha Kedroni. Kazi hiyo ilidumu siku 16. Ndipo sadaka zikatolewa tena, na nyimbo zikasikika tena.

Kisha mfalme alitaka watu wote waifanye sikukuu ya Pasaka. Alituma matarishi wenye barua, si katika nchi yake tu, bali hata kwa ndugu zao wa kaskazini. Huko wengi waliwacheka matarishi na kuwadhihaki, lakini wengine walinyenyekea, wakaja Yeruzalemu. Furaha yao ilikuwa kubwa hata wakaongeza siku saba nyingine juu ya zile saba za sikukuu.

Tena Ezekia aliharibu mahali pa kuabudia miungu ya uwongo. Kati ya vitu alivyovivunja kilikuwamo kimoja kinachoweza kutushangaza, nacho ni nyoka wa shaba aliyefanywa na Musa mwenyewe. Zamani, jangwani, watu walipoumwa na nyoka wenye sumu, Mungu alimwagiza Musa kumfanya nyoka wa shaba na kumtundika juu ya mti, ili kila aliyeumwa amtazame na kupona. Kwa hiyo kilikuwa kitu chema, kilichotoka kwa agizo la Mungu. Lakini miaka mingi ilipopita, watu walisahau maana yake. Wakaanza kumfukizia ubani, kama kwamba ile shaba yenyewe ndiyo iliyoponya. Ezekia akamvunja vipande vipande.

Fikirini vema jambo hilo. Kitu chema kikigeuzwa kuwa hirizi, chaharibika mikononi mwa mtu. Medali na msalaba tunaovaa hutukumbusha Mungu wetu na upendo wake. Anayevivaa kama dawa ya kufukuza wachawi hajaelewa alichopewa. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe, alipozungumza usiku na Nikodemo, alimkumbuka nyoka yule, akamfundisha kwamba naye atainuliwa juu, ili kila amwaminiye apate uzima. Nyoka wa shaba alikuwa mfano tu, na mwokozi wa kweli ni Kristu.

Kazi nyingine ya Ezekia twaiona katika Kitabu cha Mithali. Humo yasemwa kwamba watu wa Ezekia waliziandika na kuzikusanya mithali za Solomoni. Mfalme huyo alijua kwamba hekima ya wazee isipotunzwa hupotea pamoja nao.

3. Maji chini ya mwamba

Siku za Ezekia ufalme wa kaskazini uliangamia. Karibu na mwaka 722 kabla ya Kristu Waashuri waliuteka Samaria, wakawahamisha watu wengi hata nchi za mbali. Baadaye Ezekia alikataa kumtumikia mfalme wa Ashuri. Alijua kwamba hatari itakuja, akajitayarisha. Alizijenga kuta zilizobomoka, akafanya silaha na ngao nyingi.

Lakini mji uliofungiwa na adui hushindwa kwanza kwa kiu. Chemchemi ya Yeruzalemu, iitwayo Gihoni, ilikuwa nje ya mji, chini ya mteremko. Biblia yatuambia kwamba Ezekia alizifunika chemchemi za nje, akayaongoza maji kwa mfereji hata ndani ya mji. Mfereji huo upo mpaka leo, nao umekatwa ndani ya mwamba, chini ya ardhi. Urefu wake ni mita 533 hivi, na mtu aweza kupita ndani yake, maji yakimfika magotini. Maji hutoka Gihoni na kufika kwenye kisima cha Siloe, kile ambacho Bwana Yezu alimtuma yule kipofu kwenda kunawa.

Mwaka 1880 vijana walikuwa wakicheza majini huko Siloe, na mmoja wao akaona maandiko ya kale yaliyochorwa ukutani mwa mfereji. Wataalamu waliyasoma. Hayakutaja jina la mfalme yeyote. Yalisimulia habari za wachimbaji. Waligawanyika makundi mawili, kila kundi likichimba kutoka upande wake. Zilipobaki dhiraa tatu tu, walisikia sauti za wenzao katika mwamba. Siku ya mwisho walipiga sururu wakielekeana, hata mwamba ukatoboka, na maji yakapita mwendo wa dhiraa 1200. Jiwe hilo limetunzwa katika nyumba ya vitu vya kale huko Istanbul, nchi ya Uturuki.

Tazameni sasa. Ezekia alikuwa mtu wa sala, lakini hakukaa bure akingoja muujiza. Alifanya kazi ya mikono ya watu wake, kisha akaweka tumaini lake kwa Mungu. Anayesali bila kulima, na anayelima bila kusali, wote wawili wamepungukiwa.

4. Barua iliyotandazwa mbele ya Mungu

Mwaka 701 kabla ya Kristu, Senakeribu mfalme wa Ashuri alipanda katika nchi ya Yuda. Aliteka miji yenye maboma, mmoja baada ya mwingine. Katika maandiko yake mwenyewe, yaliyochorwa juu ya udongo uliochomwa, alijivuna kwamba aliteka miji 46 ya Ezekia. Mji mmojawapo ni Lakishi. Mateka ya Lakishi yalichorwa juu ya mawe katika jumba lake huko Ninawi. Mawe hayo yapo sasa London, na juu yake twaona watu wakitoka mjini na mizigo yao, wanawake na watoto wakipelekwa uhamishoni.

Hofu ilimshika Ezekia. Alituma watu kwa Senakeribu kuomba amani, naye akadaiwa talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu. Talanta moja ni kama kilo 30, mzigo wa mtu mmoja mwenye nguvu. Basi hesabuni wenyewe wapagazi wangekuwa wangapi. Ezekia alitoa fedha yote iliyopatikana, hata akabandua dhahabu ya milango ya Hekalu. Lakini mali haikununua amani. Senakeribu alituma jeshi kubwa mbele ya Yeruzalemu.

Mkuu mmoja wa Waashuri alisimama karibu na ukuta, akapiga kelele kwa lugha ya Wayahudi, ili watu wote wasikie. Watumishi wa mfalme walimwomba aseme Kiaramu, lugha ya wakubwa, lakini alikataa, maana alitaka kuwatia hofu wananchi. Aliwacheka Wayahudi na kumtukana Mungu wao, akidai kwamba hakuna mungu wa taifa lolote aliyeweza kuiokoa nchi yake. Watu waliokuwa ukutani walinyamaza, wala hawakumjibu neno, kwa kuwa mfalme alikuwa amewaagiza hivyo.

Ezekia alirarua mavazi yake, akavaa gunia, akatuma watu kwa nabii Isaya. Nabii akamwagiza asiogope. Senakeribu akaandika tena barua ya matukano. Mfalme aliisoma, kisha akafanya jambo ambalo hata mtoto mdogo aweza kulielewa: akapanda Hekaluni, akaitandaza ile barua mbele ya Mungu. Ni kama mtoto aonyeshaye baba yake maandiko yaliyomtia hofu, ili baba ayasome. Akasali, akikiri kwamba Mungu ndiye peke yake Mungu wa falme zote za dunia, na kwamba miungu iliyoteketezwa na Waashuri ilikuwa miti na mawe tu, kazi ya mikono ya watu.

Usiku ule malaika wa Bwana alipita katika kambi ya Waashuri. Biblia yasema kwamba watu 185,000 walikufa. Senakeribu akaondoka, akarudi Ninawi. Yeye mwenyewe, katika maandiko yake ya majivuno, alisema kwamba alimfungia Ezekia mjini mwake kama ndege tunduni. Lakini hasemi popote kwamba aliuteka Yeruzalemu. Alikufa mwaka 681 kabla ya Kristu, akiuawa na wana wake mwenyewe.

5. Ugonjwa wake

Siku zile Ezekia aliugua jipu, akawa karibu kufa. Nabii Isaya alimwendea, akamwambia ayatengeneze mambo ya nyumba yake, kwa sababu hatapona. Mfalme aligeuza uso wake ukutani, akasali na kulia machozi. Isaya hajatoka bado katika ua wa katikati, na Mungu akamwambia arudi. Akamletea mgonjwa habari njema: Mungu amesikia sala yake na kuyaona machozi yake, naye amemwongezea miaka 15.

Ndipo Isaya akaagiza waletewe mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, naye akapona. Angalieni: Mungu aliahidi uzima, lakini nabii hakudharau dawa. Basi Mkristu anayekwenda kwa daktari hakosi imani, wala mgonjwa anayemeza dawa hasaliti sala yake. Anayekosa imani ni yule anayekwenda usiku kwa mpiga ramli.

Alipopona, Ezekia alimtungia Mungu wimbo wa shukrani. Katika wimbo huo alikiri kwamba waliokufa hawawezi kumsifu Mungu hapa duniani. Wenye uhai ndio wawezao, na ni kazi ya baba kuwajulisha watoto uaminifu wa Mungu. Likumbukeni vema neno hilo, maana tutalirudia.

6. Wageni kutoka Babiloni

Mfalme wa Babiloni alisikia kwamba Ezekia aliugua, akatuma wajumbe wenye barua na zawadi. Ezekia alifurahi mno kutembelewa na watu wa mbali. Akawaonyesha nyumba ya hazina yake yote: fedha, dhahabu, manukato, mafuta mazuri, na silaha. Hakuna kitu asichowaonyesha. Lakini hatusomi kwamba aliwasimulia habari za Mungu aliyemponya.

Isaya akaja kumwuliza wageni wale wametoka wapi, na wameona nini. Kisha akamwambia kwamba siku zinakuja ambapo vyote alivyowaonyesha vitachukuliwa Babiloni, na baadhi ya wazao wake watakuwa watumishi katika jumba la mfalme wa huko. Ezekia alijibu kwamba neno la Bwana ni jema. Na moyoni alijifariji kwa kuwa kutakuwa na amani na usalama katika siku zake yeye.

Ndugu, mfalme aliyelia machozi kwa ajili ya uhai wake mwenyewe hakulia kwa ajili ya watoto wake. Biblia haifichi makosa ya watu wema. Yasema kwamba moyo wa Ezekia ulijivuna, kisha akajinyenyekeza. Aliyotabiri Isaya yalitimia: karibu na mwaka 587 kabla ya Kristu Wababiloni waliuteka Yeruzalemu, wakalichoma Hekalu.

7. Manase mwanawe

Ezekia alitawala miaka 29, akafa, akazikwa kwa heshima kubwa. Mwanawe Manase alirithi kiti akiwa na miaka 12. Hesabuni: mfalme aliongezewa miaka 15, na mtoto alikuwa na miaka 12. Basi Manase alizaliwa katika ile miaka ambayo Mungu aliitoa kama zawadi.

Mtoto huyo wa zawadi aliyajenga tena yale yote baba yake aliyoyabomoa. Aliweka madhabahu za miungu ya uwongo ndani ya Hekalu lenyewe, akafuata waganga na wapiga ramli, akamtoa mwanawe katika moto, kama alivyofanya babu yake Ahazi. Alitawala miaka 55. Lakini Kitabu cha Mambo ya Nyakati chatuambia kwamba Waashuri walimfunga kwa minyororo, na katika taabu yake alimkumbuka Mungu wa baba zake, akasali, akasamehewa. Baada yake alitawala Amoni mwanawe miaka miwili tu, kwa ubaya. Ndipo akaja Yosia, mtoto wa miaka minane, naye akawa mfalme mwema kuliko wote waliomtangulia.

Mwaona basi kwamba imani hairithiwi kama shamba au mbuzi. Haimo katika damu. Baba mbaya alizaa mwana mwema, na baba mwema alizaa mwana mbaya. Kila mtoto lazima afundishwe upya, na kila mtoto lazima achague mwenyewe. Asidhani mzazi kwamba, kwa kuwa yeye amebatizwa, mtoto wake atamjua Mungu bila kuambiwa.

8. Jinsi ya kuwasimulia watoto

Enyi baba na mama, msingoje katekista peke yake afanye kazi hii. Yeye anao watoto wako kwa saa chache tu. Wewe unao kila siku. Usimwambie mtoto yote kwa jioni moja. Siku ya kwanza msimulie habari za milango iliyofunguliwa. Siku ya pili, nyoka wa shaba. Siku ya tatu, wachimbaji waliosikia sauti za wenzao katika mwamba. Watoto hupenda sana sehemu hiyo. Siku ya nne, barua mbele ya Mungu. Siku ya tano, ugonjwa na tini. Siku ya mwisho, wageni wa Babiloni, wala usiifiche sehemu hiyo. Mtoto akijua kwamba hata mfalme mwema alikosa na kujinyenyekeza, hataogopa kukiri makosa yake.

Kisha uwaulize: Ezekia aliifungua milango ya nyumba gani? Kwa nini alimvunja nyoka aliyefanywa na Musa? Barua ya matukano aliipeleka wapi? Aliwaonyesha wageni kitu gani, na alisahau kuwaambia nini? Wewe ukipata hofu, utakwenda wapi? Mwache mtoto ajibu kwa maneno yake mwenyewe.

Na ninyi mnaolia kwa sababu ya mtoto aliyepotea, lisomeni jambo moja la mwisho. Mtakatifu Mateo, mwanzoni mwa Injili yake, aliwaandika mababu wa Bwana wetu Yezu Kristu. Humo wamo Ahazi, Ezekia, Manase, Amoni na Yosia, wote wakifuatana. Mungu hakuuvunja mnyororo kwa sababu ya wabaya waliomo ndani yake. Tuwafundishe watoto wetu, tuwaombee, na tumtumaini Yeye aliyemleta Mwokozi kwa ukoo huo.